Hodhi la kuogea si sufuria

Familia nyingi zinazohamia nyumba mpya za kupanga jijini Dar es Salaam hukuta bafuni hodhi la kuogea, jeupe na linalong'aa, na watoto hulipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Miezi mitatu baadaye weupe umefifia, sehemu ya kukalia imejaa mikwaruzo, na pembeni kuna mstari wa njano usiotoka. Lawama humwangukia dada wa kazi. Lakini dada alifanya kile anachokifanya kila siku jikoni: alisugua kwa stili waya na unga wa kusugulia. Hakuna aliyemwambia kwamba hodhi si sufuria.

Mahodhi mengi yanayouzwa siku hizi ni ya akriliki, ambayo ni aina ya plastiki. Kiwandani bamba la akriliki hupashwa moto hadi lilainike, huvutwa likapata umbo la hodhi, kisha upande wa nyuma huongezewa nguvu kwa nyuzi za kioo. Kinachong'aa ni bamba lenyewe, na ni laini kuliko chuma unachopitisha juu yake.

Kama hujui lako ni la aina gani, chukua sumaku, hata ile ya urembo wa friji. Ikinata, hodhi ni la chuma. Isiponata, na ukiligusa halina ubaridi wa chuma, lichukulie kuwa la plastiki na ulitunze hivyo.

Kwa mzazi, jambo hili si la urembo tu. Kila mkwaruzo ni mfereji mdogo. Mafuta ya mwili, povu la sabuni na uchafu hukaa humo, kitambaa hakifiki, na ukungu hupata pa kujishikiza. Hodhi likionekana chafu hata baada ya kuoshwa, wengi huongeza ukali wa dawa. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Jiki, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ina klorini. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho, koo na mapafu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini, usawa wa mtoto anayetambaa, na mabafu mengi ya ghorofani yana kidirisha kimoja tu kidogo. Mwenye pumu huumia zaidi. Siki na malimau navyo ni asidi. Usivichanganye na jiki hata kama shoga yako amekutumia video ya bafu linalong'aa kama kioo. Ikitokea harufu kali inayokaba, acha kila kitu, toa watoto nje kwenye hewa safi na ufungue milango. Mtoto akiendelea kukohoa au akihema kwa shida, mpeleke kituo cha afya na utaje dawa zilizochanganywa.

Akriliki yenyewe haihitaji ukali huo. Inataka maji ya vuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kitambaa laini au sponji, mara tu mtoto anapotoka kuoga, uchafu ukiwa bado haujakauka. Suuza, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Kufuta huku ndiko kunakopuuzwa zaidi, na ndiko kunakozuia ule mstari wa njano, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki.

Mstari ukishajijenga, changanya siki nyeupe na maji kwa kipimo sawa, lowanisha kitambaa, kilaze juu yake kwa dakika tano hadi kumi, futa na usuuze vizuri. Ukibaki, rudia kesho badala ya kusugua kwa nguvu leo. Piko na rangi ya nywele zifutwe papo hapo. Thina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha zisikaribie kabisa, kwa sababu huyeyusha uso wa akriliki na doa lake halifutiki. Mikwaruzo midogo fundi anaweza kuipunguza kwa msasa laini sana wa maji, kisha akaing'arisha. Asipake nta sehemu ya kukanyagia, mtoto atateleza. Mkeka wa mpira unaozuia utelezi ni mzuri, ila uondolewe na kuanikwa kila baada ya kuoga, maana ukiachwa hushika ukungu na kuacha alama.

Nyumba nyingi hazina hita ya ukutani, hivyo maji huchemshwa jikoni na kumiminwa kwenye hodhi. Yanayotokota yakitangulia, akriliki hulainika na baada ya muda huweza kupinda au kupasuka. Lakini hodhi hununuliwa jingine. Ngozi ya mtoto ni jambo jingine kabisa. Tanguliza maji baridi, ongeza ya moto, koroga, kisha pima kwa kiwiko kabla ya kumweka mtoto. Mtoto abaki nje ya bafu hadi sufuria ya moto irudi jikoni, na sufuria hiyo isiwekwe juu ya ukingo wa hodhi.

Halafu kuna mgawo wa maji, ambao umegeuza mahodhi mengi kuwa matangi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi sana, bila kelele, wakati mama yuko chumba cha pili. Maji ya akiba yakae kwenye ndoo na madumu yenye vifuniko. Kama hakuna njia nyingine, mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la juu.

Maji hayo huwavutia pia mbu wanaoeneza dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu hao hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yarudi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Angalau mara moja kwa wiki kuta zote za hodhi zisuguliwe, hadi juu kabisa, kwa sponji lile lile laini na sabuni ya maji.