Neno dogo lenye maana mia sita

Hebu mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi maana ya neno la Kiingereza "run". Atakujibu hata kabla hujafunga mdomo: ni kukimbia. Atakuwa amepata. Sasa mpe sentensi hizi tatu azifasiri: "My nose is running", "We have run out of sugar" na "She runs a salon in Githurai". Akishikilia ile maana aliyofunzwa, atakwambia kwamba pua yake inatimua mbio, kwamba watu wametoka mbio ndani ya sukari, na kwamba kuna mama mmoja huko Githurai anayekimbiza saluni.

Tucheke, naam, lakini tusiishie kwenye kicheko. Kiingereza ndicho kinachotumika katika mitihani mingi ya watoto wetu, katika fomu za mikopo, katika mikataba ya nyumba na katika hukumu za mahakama. Anayejua maana moja ya neno lenye maana mia sita anaweza kupoteza alama, akapoteza pesa, na pengine akapoteza haki yake. Ndiyo sababu Jumapili hii tunalifungua neno hili moja na kulichungulia ndani.

Miezi tisa kwa neno moja

Hizo maana mia sita si chumvi ya mwandishi. Kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza, Oxford English Dictionary, ilishikwa na mhariri James Murray mnamo 1879. Murray alijenga kibanda cha mabati karibu na nyumba yake, akakijaza vijikaratasi vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea. Kila kijikaratasi kilikuwa na sentensi iliyonakiliwa kutoka kitabuni ili kuonyesha jinsi neno fulani lilivyotumika. Murray alifariki 1915 kazi ikiwa bado haijaisha. Kamusi ilikamilika 1928, ikiwa imeeleza maneno zaidi ya 400,000.

Toleo la pili lilipotoka 1989, likiwa na mabuku 20, neno lililotia fora kwa wingi wa maana lilikuwa "set", ambalo kama kitenzi lilipewa maana zipatazo 430. Lakini kamusi haikulala. Wahariri walipoanza kuipitia upya, "set" ilipitwa. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi "run" kwa miezi tisa. Alipomaliza, na hesabu kutangazwa 2011, kitenzi hicho kilikuwa na maana 645. Maana za "run" kama jina zina hesabu yake kando.

Miezi tisa! Huo ni muda wa mama kubeba mimba hadi kujifungua, na hapa ni neno moja tu la herufi tatu.

Kutoka miguuni hadi mtoni

Je, maana zote hizo zilitoka wapi? Ni kama ukoo. Babu ni mmoja, wajukuu wakatawanyika.

Neno hili ni la kale katika Kiingereza, na lina ndugu zake katika Kijerumani. Wajerumani wana "rennen", yaani kukimbia, na "rinnen", yaani kutiririka. Mwingereza alivikusanya vyote viwili chini ya paa moja. Kwake yeye mtu hu-"run" kwa miguu, na maji nayo hu-"run" mtoni au kwenye mfereji. Ukishaelewa hapo, fumbo la pua limefumbuliwa, kwa sababu pua inatiririka kama mto. Rangi ya kitambaa kipya ikichuja kwenye beseni la kufulia, nayo ni hivyo hivyo.

Kutoka kwenye maji, neno likahamia kwenye kila kitu kinachokwenda bila kukatika. Mashine inayofanya kazi hu-"run". Matatu inayobeba abiria kati ya mjini na mtaani hu-"run". Mchezo wa kuigiza ukionyeshwa jukwaani kwa wiki tatu mfululizo, basi ume-"run" wiki tatu. Na mtu anayefanya mambo yaende, awe wa saluni, wa duka au wa shule, huyo ndiye anaye-"run" mahali hapo.

Usidhani huu ni wazimu wa Waingereza peke yao. Litazame neno letu "enda" na mwanawe "endesha". Dereva huendesha basi, mfanyabiashara huendesha duka, mwenyekiti huendesha mkutano. Na mtoto aliyekula kitu kibaya? Huyo pia tunasema anaendesha, au ana tumbo la kuendesha. Mwingereza naye, kwa lugha ya mzaha, husema ana "the runs". Lugha mbili zilizozaliwa mbali kabisa zimeshika njia moja, kutoka kwenye usukani wa gari hadi mlango wa choo!

Mkia na jirani

Hapa sasa ndipo mwanafunzi anapohitaji kutega sikio. Kiswahili kinapotaka kuongeza maana, mara nyingi hubadilisha mkia wa neno. Kutoka "kimbia" tunapata kimbilia, kimbiza, kimbizana, mkimbizi na kimbilio. Mzizi ni ule ule, lakini aliyekimbia hatari na aliyekimbilia hatari si watu wa tabia moja.

Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo. Huacha neno lilivyo na kuliwekea jirani mdogo. "Run away" ni kutoroka. "Run out" ni kuishiwa. "Run through" ni kupitia jambo haraka haraka. "Run up" ukiifuatisha na deni ni kulimbikiza. "Run down" yaweza kuwa kumsema mtu vibaya, na ikitajwa nyumba au betri ni kuchakaa au kwisha nguvu. Wahenga wetu walisema, niambie rafiki yako nikuambie tabia yako. Maneno nayo ni vivyo hivyo.

Chukulia dereva anayeandika taarifa katika kituo cha polisi. Akiandika "I ran into my neighbour on Thika Road", msomaji atajiuliza kama alikutana na jirani yake kwa bahati au alimgonga. Akiandika "I ran over my neighbour", hapo hakuna la kujiuliza tena. Amekiri kwamba gari lake lilimkanyaga mtu. Kati ya salamu za njiani na kesi ya kifo pana neno moja dogo.

Hata wenye lugha yao hawapatani

Mwanafunzi akiona ugumu asivunjike moyo, maana hata wenye lugha wenyewe hawatembei pamoja. Mmarekani anayetaka kiti cha ubunge hu-"run", yaani hukimbia. Mwingereza anayetaka kiti kama hicho hu-"stand", yaani husimama. Mswahili naye hakimbii wala hasimami, yeye hugombea. Yule anayeandamana na mgombea urais, ambaye Katiba yetu ya 2010 inamtaka kila mgombea awe naye, kwa Kiingereza ni "running mate", nasi tunamwita mgombea mwenza. Soksi ndefu ya mwanamke ikifumuka uzi kutoka juu hadi chini, Mmarekani huuita mfumuko huo "run", na Mwingereza huuita ngazi.

Nenda uwanjani nako. Kwa mwanariadha, neno hili liko nyumbani kwao. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 kule Vienna mnamo Oktoba 12, 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, hiyo ilikuwa "run" ya kila mtu kuielewa. Lakini katika kriketi, "run" ni hesabu ya alama. Kenya ilipoishangaza West Indies kule Pune, India, Februari 29, 1996 katika Kombe la Dunia, ilishinda kwa "runs" 73. Asiyeujua mchezo huo angedhani vijana wetu walishindana mbio mara sabini na tatu.

Neno linapogusa mfuko na haki

Tumefika sasa penye uzito. Gazeti likiandika kwamba kulikuwa na "a run on the bank", halisemi benki imekimbia. Linasema wateja wamekimbilia benki kutoa pesa zao, wote kwa wakati mmoja. Hakuna benki inayoweka pesa zote za wateja sandukuni, kwa kuwa nyingi zimekopeshwa. Wote wakija siku moja, hata benki yenye mali hubanwa. Wakenya waliliona hilo Aprili 2016, wateja wa Chase Bank walipokimbilia pesa zao na Benki Kuu ikaiweka benki hiyo chini ya mrasimu. Anayelielewa neno hili huelewa pia kwa nini uvumi unaweza kuiangusha benki.

Mahakamani neno hili ni zito zaidi. Hakimu akimfunga mtu miaka mitano kwa kosa la kwanza na mitatu kwa la pili, kisha aseme "to run concurrently", vifungo vinatumikiwa pamoja, na mfungwa atahesabiwa miaka mitano. Akisema "to run consecutively", kimoja kitafuata kingine, na miaka inakuwa minane. Jamaa waliokaa nyuma ya chumba cha mahakama wanaweza kurudi nyumbani wakilia miaka mitatu ambayo haipo, au wakishangilia miaka mitatu ambayo haikuondolewa.

Wakili naye akikwambia "time has started to run", shtuka. Maana yake muda wa kufungua kesi umeanza kuhesabiwa. Kwa sheria yetu inayoweka mipaka ya muda, madai ya kujeruhiwa kwa uzembe wa mtu, kama vile katika ajali ya barabarani, yana miaka mitatu. Madai ya kuvunjiwa mkataba yana miaka sita, na ya kudai ardhi yana miaka kumi na miwili. Saa hiyo haingoji mtu aelewe Kiingereza. Mwenye haki akikaa nyumbani akisubiri kupata nafuu, au akisubiri ahadi za maneno, anaweza kukuta mlango umefungwa.

Tufanyeje basi?

Kwanza, wanafunzi waache mtindo wa kukariri orodha, upande huu neno la Kiingereza na upande ule neno moja la Kiswahili. Neno ulijifunze ndani ya sentensi. Ukikutana na "run" katika ufahamu, soma sentensi nzima, mtazame jirani yake, kisha ujiulize ni nani au ni nini kina-"run". Ni mtu, ni maji, ni mashine, ni muda au ni biashara? Mara nyingi jibu litajitokeza lenyewe.

Pili, wazazi wasione haya kuuliza. Katiba yetu inavitambua Kiswahili na Kiingereza kama lugha rasmi. Tena mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika katika kesi yake ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Mbele ya karani wa benki au wakili, mwambie, "Naomba unieleze kwa Kiswahili." Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutia sahihi usichokielewa kwa sababu ya kuogopa kuchekwa na mtu aliyevaa tai.

Tatu, tusimcheke anayekosea, hata akiwa mgeni anayejifunza lugha yetu. Hebu fikiria masikitiko yake akiambiwa kwamba baba amepiga simu, mama amepiga pasi, dada amepiga mswaki, na bibi amepiga magoti kisha akapiga chafya. Si atadhani ameingia katika nyumba ya wagomvi? "Piga" yetu ndiyo "run" yao. Kila lugha ina mtumishi mmoja ambaye hutumwa kila mahali, na mtumishi wa namna hiyo hapati kupumzika.

Jioni ya leo, baada ya chakula, ijaribuni michezo hii miwili mezani. Katika wa kwanza, kila mmoja atunge sentensi ya Kiingereza yenye "run" katika maana ambayo haijatajwa bado, na atakayekwama aoshe vyombo. Katika wa pili, fanyeni hivyo hivyo na "piga" kwa Kiswahili. Wapeni wazee nafasi ya kuanza, kwa maana huenda nyanya wa nyumba hiyo, ambaye hakuketi darasani hata siku moja, akawaacha wenye vyeti wakikodoa macho.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.