Jirani Asiye na Mlango Naye Ana Haki

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, zinapotajwa haki za jirani, mawazo yetu huenda kwa yule tunayepakana naye ukuta. Huyo tunampelekea futari na tunamjulia hali akiugua. Lakini yuko jirani mwingine ambaye hatumhesabu. Ni yule anayetandika boksi kwenye baraza za Kariakoo maduka yakishafungwa, au ubavuni mwa msikiti wa mtaa wetu. Je, huyu naye ni jirani?

Katika Suratun Nisaa, Aya ya 36, tumeamrishwa kuwatendea wema wazazi, jamaa, mayatima na maskini, kisha jirani wa karibu na jirani wa mbali, rafiki wa ubavuni na msafiri aliyeharibikiwa. Aya hiyo haikuweka sharti kwamba jirani awe na nyumba, wala kwamba awe Muislamu. Anayelala kila usiku hatua chache kutoka mlangoni petu ametukaribia kuliko wengi tunaowaita majirani.

Tukumbuke pia Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Sehemu yake moja yenye kivuli, iliyoitwa Suffa, ilikuwa makazi ya Waislamu mafukara wasio na nyumba wala jamaa mjini humo. Miongoni mwao alikuwamo Abu Hurayra (R.A.), ambaye Umma umepokea kwake Hadithi nyingi kuliko Sahaba mwingine yeyote. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) akiletewa sadaka aliwapelekea watu hao, na akiletewa zawadi alishirikiana nao kuila. Aliwaagiza pia Masahaba kwamba mwenye chakula cha watu wawili amchukue mmoja wao awe wa tatu.

Sasa tujitazame sisi. Miaka michache iliyopita, katika msikiti mmoja tunaosali, ilitolewa hoja baada ya Isha kwamba bomba na choo vifungwe kufuli usiku, na baraza imwagiwe maji kila jioni ili watu wasipate pa kulala. Nasi tuliinua mikono kuunga mkono. Mzee mmoja aliyezoea kulala pale hakuonekana tena. Mvua za masika zilipoanza tukataka kumuulizia, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jina lake, ilhali alikuwa akisali Alfajiri pamoja nasi, safu ya nyuma. Jambo hilo linatuuma hadi leo. Lau angefia pale barazani tungemchangia sanda na kumzika kwa heshima. Alipokuwa hai hatukumpa hata shuka la kujifunika.

Wapo watakaosema kwamba watu hawa ni wezi, wavuta unga na wachafu. Hatukatai kuwa wamo wenye tabia mbaya, na aliyeiba ashitakiwe kwa wizi wake. Lakini wamo pia wajane waliotolewa nyumbani na ndugu wa marehemu, wapangaji walioshindwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na waliokuja mjini kuuguza wakaishiwa nauli. Ama uchafu, sisi wenyewe tuliuzidisha tulipofunga choo.

Basi tuanze na salamu, na kuulizana majina. Kisha chakula. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) azidishe maji ya mchuzi ili majirani nao wapate. Tupeleke sahani iliyopakuliwa pamoja na zetu, si makombo, na watoto wetu tufuatane nao ili wajifunze. Kamati za misikiti zifungue bomba na choo, na zipange zamu za usafi pamoja na hao wanaolala hapo.

Upande wa Zaka, Suratut Tawba, Aya ya 60, imewataja mafukara, maskini, wenye madeni na wasafiri walioharibikiwa. Badala ya kugawa sarafu moja moja kila Ijumaa, familia kadhaa zikikusanya Zaka zao zinaweza kumlipia mtu mmoja kodi ya chumba, au nauli ya kurudi kwao. Na mtoto anayelala nje asifukuzwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki zake azifikishe kwa serikali ya mtaa.

Ijumaa ya leo, tutakapotoka msikitini, tusimpite mtu huyo kama tunavyopita nguzo. Tusimame, tumtolee salamu, tumuulize jina lake.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, na atujaalie kuwa majirani wema kwa wenye nyumba na wasio nazo. Amin.