Si Gita Lililoua Ngoma

Muhula uliopita Chama chetu kiliandaa mjadala bwaloni. Hoja ilikuwa hii: "Muziki wa kigeni umeua muziki wetu." Nilisimama upande wa kupinga. Sikumaliza hata dakika mbili, nikazomewa: "Keti! Mwacha mila ni mtumwa!" Basi nikaketi. Lakini maneno niliyoyameza siku ile yamenikaa kooni hadi leo, na kwa kuwa karatasi haizomewi, wacha niyatoe hapa.

Kwanza twende Uingereza. Liverpool ni mji wa bandari kama Mombasa. Huko ndiko walikotoka vijana wanne wa The Beatles: John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr. Wengi wetu hudhani ati vijana hao waliuzua muziki wao wenyewe. La hasha! Walikua wakisikiliza santuri za Marekani, nyingi zikiwa za watu weusi kama Chuck Berry na Little Richard, nao wakaanza kwa kuiga. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1963, ina nyimbo 14, na 6 kati ya hizo zilitungwa na watu wengine. Mwaka uliofuata wakatoa albamu ambayo nyimbo zake zote 13 ni za Lennon na McCartney.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Zamani mara nyingi mtunzi alikuwa huyu na mwimbaji yule. Baada yao, ikawa kawaida bendi ya vijana kujitungia, kujipigia na kujiimbia. Walipotokea kwenye televisheni ya Marekani mwezi Februari 1964, watu wapatao milioni 73 waliwatazama. Wamarekani wakashangilia mali iliyotoka kwao wenyewe!

Wenzao The Rolling Stones, hata jina lao walilitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters. Lakini tazameni walivyofanya. Mwaka 1965 walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni huko Marekani, walitaka mzee Howlin' Wolf naye aalikwe. Alipoimba, wao waliketi chini karibu na miguu yake. Kukopa si aibu, jamani. Aibu ni kukopa kisha ukajifanya humjui mwenye mali.

Sasa turudi nyumbani. Fundi Konde alizaliwa hapa Kilifi mwaka 1924. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari, na baadaye akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme. Je, gita lilimfanya Mzungu? Hata! Aliimba Kiswahili, na wimbo wake wa "Tausi" bado wazee wanaujua. Alifariki mwaka 2000.

Wakaja ndugu wa Kaloleni, Them Mushrooms, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walipiga magita, wakapiga rege ya Jamaika, wakatumbuiza watalii katika hoteli za pwani. Mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana", utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka mmoja baadaye kundi la Boney M. la kule Ujerumani nalo likautoa kwa namna yake. Kumbe na Ulaya nayo hukopa Kaloleni! Na tayari wakiwa na jina kubwa, Them Mushrooms walimrudia mzee Fundi Konde wakashirikiana naye. Walimjua mwenye mali.

Ikiwa ni hivyo, ngoma inauawa na nani? Nitasema, hata kama jibu litaniumiza mwenyewe. Babu yangu ni mpiga kayamba. Likizo ya Desemba aliniita: "Njoo mjukuu wangu, nikuonyeshe mkono." Nikamjibu, "Babu, nina kazi kidogo." Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza nyimbo kwenye simu. Niliporudi mwezi Aprili, mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Kayamba hutikiswa kwa mikono miwili. Lake limetundikwa ukutani, na mimi najua kulitazama tu. Hakuna mwanamuziki wa Uingereza aliyenikataza kuketi na babu.

Na hapa shuleni je? Ngoma zetu hutoka stoo Tamasha za Muziki zinapokaribia. Tukishatolewa mashindanoni, zinarudi kufungiwa na panya. Halafu twasimama bwaloni kulaumu Liverpool!

Maoni yangu ni haya. Kila muhula Chama kimwalike mzee mmoja wa kijiji cha karibu, atufunze mwanzele, gonda au kiringongo, nasi tumrekodi kwa idhini yake. Wenzetu wanaopiga gita waendelee, tena kwa bidii, lakini watunge nyimbo zao, kwa Kiswahili au kwa lugha za kwao, wakiusikiliza mdundo wa wazee hao. Na kila tunapoimba wimbo wa mtu, tumtaje.

Ninyi mlionizomea, sina kinyongo. Jumamosi baada ya usafi nitamwomba mwalimu ufunguo wa stoo. Ngoma ni nyingi, na mikono yangu ni miwili tu. Njooni.