Kuchora mbele ya macho ya watu: wana wetu wanaandaliwa vipi?

Mashindano ya sanaa ya wanafunzi yana sura mbili. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea: mwalimu anakusanya picha zilizochorwa muhula mzima, anachagua mbili tatu, anazitia kwenye bahasha ya kaki na kuzituma, kisha shule inangoja majina yatangazwe. Ya pili ni ya papo kwa papo. Mwanafunzi anakuja mwenyewe na brashi zake, anapewa mada hapo hapo, saa inaanza kuhesabu, na watu wanamzunguka wakimtazama mpaka muda uishe. Kwa maoni yangu sura hii ya pili ndiyo itakayotawala miaka ijayo. Wana wetu wa Pwani wana kila sababu ya kuongoza humo, lakini hawajaandaliwa inavyostahili.

Kwa nini nasema itatawala? Tangu mtaala wa umilisi uanze, malalamiko ya wazazi yamekuwa yale yale: mtoto ametumwa alete kazi ya mikono kesho asubuhi, mama ndiye anayekesha akikata maboksi na kupaka gundi, na alama anapewa mtoto. Mwalimu anajua, mzazi anajua, na kila mtu ananyamaza. Juu ya hilo sasa imekuja akili unde. Kijana mwenye simu na bando kidogo anaandika sentensi moja, na kabla chai haijapoa amepata picha ya jahazi likirudi Shela jua likitua. Anaweza kuinakili kwa penseli, mstari kwa mstari, akaiita yake. Jaji aliyeletewa bahasha hana njia ya uhakika ya kumgundua. Jaji aliyesimama mgongoni mwa mtoto, akimwona anavyokosea, anavyofuta na anavyorekebisha, anayo.

Na kama kuna watu wasiopaswa kuogopa sanaa ya hadharani, ni sisi. Muyaka bin Haji wa Mombasa amebaki midomoni mwa watu tangu karne ya 19 kwa sababu alikuwa mtu wa kujibizana, na mashairi yake ya wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu yalikusudiwa yajibiwe. Katika ngoma za gungu mshairi alifumba fumbo, na mwenzake akatakiwa alifumbue palepale mbele ya wote. Baadaye vikaja vikundi vya beni, Kingi na Skochi, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo mpya, kwa gharama ambazo nyumba nyingine hazikuzimudu. Hata leo Tamasha la Utamaduni la Lamu, kando ya mbio za majahazi na za punda, lina shindano la kuchora hina. Binti anayeingia shindano lile anachora bila nafasi ya kufuta, juu ya ngozi ya mtu anayepumua na kusogea, huku mashabiki wa mshindani wake wakitoa maoni kwa sauti ya juu makusudi. Sijui mtihani gani wa sanaa ulio mgumu kuliko huo.

Ujuzi huo, hata hivyo, umebaki nje ya geti la shule. Darasani mwanafunzi wetu hufundishwa kuchora kana kwamba muda hauna mwisho. Anaanza na jicho, au dirisha moja la nyumba, analimaliza mpaka bawaba zake, kisha anasogea kwa kinachofuata. Nyumbani njia hiyo haina neno. Ukumbini, saa mbili zikiisha, ana jicho zuri sana na karatasi nyeupe.

Anayeujua mchezo huu hutumia dakika kumi za mwanzo bila kugusa karatasi kubwa. Huchora vichoro vidogo vitatu au vinne, kila kimoja kadiri ya kisanduku cha kiberiti, akitafuta uzito wa picha uwe wapi na mwanga utokee upande gani. Akishachagua, huweka maumbo makubwa kwanza. Hufinya macho ili aone giza na mwanga tu. Mapambo huyaacha mwisho kabisa, ili muda ukikatika picha iwe nzima hata kama haijakamilika urembo wake. Haya hayaji kwa kuambiwa. Yanataka mazoezi ya saa: kitu kile kile, tuseme mtungi na kikapu cha samaki, kichorwe wiki hii kwa saa tatu, wiki ijayo kwa saa moja, kisha kwa dakika 20. Dakika 20 si mzaha. Mashindano ya Art Battle, yaliyoanzia Toronto huko Kanada, humpa mchoraji muda huo tu kwa kila raundi, na watazamaji ndio wanaopiga kura. Tena mazoezi yafanywe mahali penye watu. Mtoto aliyezoea kuchora peke yake nyuma ya darasa, siku akisikia mtu asiyemjua ananong'ona nyuma yake, mkono unakufa ganzi.

Iko pia hali yetu ya hewa, ambayo mwalimu aliyesomea bara huenda asiifikirie. Rangi ya akriliki uwanjani penye upepo wa kusi hukauka kabla hujamaliza kuichanganya. Rangi ya maji, kwa upande wake, siku ya unyevu mwingi hukataa kukauka. Mwanafunzi mwenye pupa anapaka safu ya pili juu ya ile mbichi na picha yote inageuka tope. Karatasi nyembamba ikilowa hujikunja kama chapati. Dawa zake ni za bei nafuu: chupa ya kupulizia maji, kitambaa chenye unyevu cha kufunikia rangi, karatasi nzito iliyobandikwa ubaoni kwa utepe pande zote nne. Aliyefanyia mazoezi ndani ya darasa pekee atayagundua haya siku ya shindano, na siku hiyo si siku ya kujifunza.

Vifaa navyo vinaamua mshindi mapema. Mtoto mmoja anafungua sanduku la rangi za mirija na brashi za kila ukubwa, jirani yake ana kalamu za nta na penseli moja aliyoichonga kwa wembe. Majaji watasema wanapima ubunifu, lakini macho yanavutwa na rangi iliyokolea. Haki ni rahisi kuipata ikiwa waandaaji wana nia: kila mshiriki apewe vifaa vile vile, vya idadi ile ile, na orodha yake itangazwe wiki kadhaa kabla ili shule zifanyie mazoezi.

Tukija kwenye mfumo wa elimu, wakati huu ni wa kutazamwa kwa makini. Somo la Sanaa na Usanifu katika KCSE lina karatasi ya vitendo inayofanywa kwa muda uliopimwa, na lina mradi ambao mwanafunzi huushughulikia kwa siku nyingi. Kwa hiyo kuchora kwa kushindana na saa si jambo geni kwa wachache wanaolichukua. Mfumo huo unaisha na watahiniwa wa 2027. Nyuma yao wako wa Gredi ya 10, walioingia sekondari pevu Januari 2026, wa kwanza kuchagua kati ya mikondo mitatu: STEM, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mpango wa serikali uliutengea mkondo wa sanaa na michezo asilimia 15 ya wanafunzi, na STEM asilimia 60. Hiyo 15 yenyewe inagawanywa tena kati ya wanamichezo, wanamuziki, waigizaji na wachoraji. Na si kila shule inayotoa mikondo yote mitatu. Mzazi wa Faza au wa Garsen ambaye binti yake ana mkono wa kuchora, swali lake la kwanza ni shule hiyo iko wapi na nauli ni ngapi.

Huko chini, sekondari msingi, sanaa na michezo vimeunganishwa kuwa somo moja. Mwalimu yule yule anatarajiwa afundishe kuchora kivuli, kuimba sauti mbili na kuruka viunzi. Mimi ningependa kukutana na mwalimu anayeyaweza yote matatu.

Lipo suala ambalo waandaaji wasioijua jamii yetu hulipita haraka. Familia nyingi za Kiislamu hapa Pwani haziridhii mtoto achore viumbe wenye roho, na walimu wa madrasa wamelisema hilo kwa vizazi. Mada ikiwa ni picha ya uso wa mtu, mtoto huyo amewekwa njia panda kabla hajashika penseli: amkaidi mzazi au apoteze alama. Lakini sanaa iliyoupa Mji wa Kale wa Lamu heshima ya kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 ni ya nakshi za milango, zidaka za kuta, maua na mistari, na maandishi ya Kiarabu. Si sanaa duni inayohitaji kuonewa huruma na majaji. Inahitaji hesabu, subira na mkono usiotetemeka. Mada zitolewe mbili, moja ya viumbe na moja ya mapambo, na vigezo vya kutoa alama viandikwe hivi kwamba nakshi iliyopangika vizuri isihesabiwe kuwa pambo la pembeni tu.

Kwa mabinti wa hina kuna hatari nyingine, na hii ni ya mwili. Hina ya kweli inataka saa kadhaa ili ishike, na rangi yake hukolea siku moja au mbili baadaye. Shindano halingoji hivyo. Ndipo wengine hukimbilia piko, inayotoa weusi kwa haraka kwa sababu mara nyingi imechanganywa na dawa ya kutia nywele rangi. Kemikali iliyomo, PPD, inaweza kubabua ngozi na kumwachia mtu mzio wa maisha. Sheria iwe wazi: hina ya asili peke yake, na majaji wapime mchoro ungali mbichi mkononi.

Nani abebe mzigo huu? Watu wengi humtazama gavana, na gavana husema sekondari ni kazi ya serikali kuu. Anasema kweli, ila si kweli yote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti shughuli za utamaduni, na limezipa pia vyuo vya ufundi vya vijiji pamoja na elimu ya chekechea. Kwa hiyo kaunti sita za Pwani haziwezi kuajiri mwalimu wa sanaa wa Gredi ya 10, lakini hakuna kinachozizuia kuandaa shindano la papo kwa papo la wanafunzi, kununua vifaa, kulipa nauli ya watoto wa visiwani na wa Tana River, na kufungua karakana za uchongaji za vyuo vyake siku za Jumamosi ili wanafunzi wafanye mazoezi huko. Bajeti ya utamaduni hupita kila mwaka. Kwenye vikao vya wananchi kuhusu bajeti, swali la kuuliza ni kiasi gani kinakwenda kwa hema, viti na spika, na kiasi gani kinafika mkononi mwa mtoto anayechora.

Mada ya kwanza naitoa bure: kanga. Karatasi moja kubwa, pindo, mji na jina, saa tatu. Mwanafunzi abuni nakshi na atunge jina lake palepale, asiazime lililokwisha kuchapwa. Atakayenakili kutoka kwenye simu atajulikana haraka, maana Mtaa wa Biashara hapa Mombasa una wauzaji walioyasoma majina ya kanga maisha yao yote. Wawili kati yao waketi meza ya majaji pamoja na mwalimu wa sanaa, na kiti cha nne apewe mwanamke anayezivaa.