Mgeni njoo, mwenyeji wa Ngare Sero apone

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Kaskazini, neno utalii mara nyingi humaanisha gari la wageni linalopita kwa kasi na kumwachia vumbi. Tumezoea kuamini kwamba fedha za utalii ni za Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kupunga mkono barabarani.

Mimi nasema hapana. Yapo maeneo madogo, yasiyotajwa sana, ambayo yakisimamiwa vizuri yanaweza kumnufaisha mwenyeji moja kwa moja. Mfano mzuri ni maporomoko ya maji ya Ngare Sero, wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha.

Maporomoko haya yako chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, mahali ambapo mto unashuka kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ni volkano hai. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava yenye asili ya magadi, ambayo joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Ikitoka huwa nyeusi, na baada ya muda mfupi hubadilika kuwa nyeupe.

Kuyafikia maporomoko, mgeni hutembea takriban saa moja ndani ya korongo, akivuka mto mara kadhaa na kushika miamba. Huko ndani kuna maji yanayomwagika kutoka juu ya mwamba. Katika nchi kavu kama ile, ambako maji ya ziwa ni ya magadi na hayanyweki, korongo hilo ni kama bustani.

Sasa tujiulize: biashara iko wapi hapo?

Wageni wengi huja Ngare Sero kwa ajili ya mlima. Hupanda Lengai usiku wa manane ili kukwepa jua, hushuka asubuhi wakiwa hoi, kisha huenda kuoga kwenye maporomoko na kuondoka. Kwa maneno mengine, maporomoko yamekuwa nyongeza ya bure katika safari iliyouzwa mjini. Anayekaa saa mbili akaondoka huacha ada na nyayo. Anayelala usiku mmoja zaidi atakula, atanunua shanga za akina mama, atamlipa kijana wa kumwongoza na ataacha shilingi kijijini.

Sababu za kumfanya alale zipo. Mbali na maporomoko, kuna flamingo wa Ziwa Natron, ambalo ndilo mazalia makubwa kuliko yote ya flamingo wadogo wa Afrika Mashariki. Kuna pia nyayo za binadamu wa kale zaidi ya 400 zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano karibu na ziwa, ambazo wanasayansi walizitangaza mwaka 2016. Anayetaka kuona vyote hivyo bila kukimbizana hawezi kumaliza kwa siku moja.

Tatizo la kwanza ni chakula. Kampuni nyingi za utalii hupakia kila kitu Arusha, kuanzia mayai hadi nyanya. Gari hilo hilo hupita Mto wa Mbu, penye ndizi, mpunga na mboga za umwagiliaji, kisha hupita Engaruka, ambako watu walimwagilia mashamba kwa mifereji ya mawe karne nyingi zilizopita na ambako kilimo cha umwagiliaji kinaendelea hadi leo. Yaani mzigo unatoka mbali na kupita mlangoni kwa mkulima!

Ndugu msomaji, tufanye hesabu ya mfano tu. Chukulia kambi zote za kijiji zina wageni 10 kwa siku, na kila mmoja anakula mayai mawili na ndizi tatu. Hayo ni mayai 600 na ndizi 900 kwa mwezi. Si utajiri, lakini ni soko la uhakika kwa kikundi kidogo cha wafugaji wa kuku na wakulima wa migomba. Linalotakiwa ni kikundi kupeleka mzigo kwa siku iliyoahidiwa, kwa kiwango kile kile na kwa bei inayojulikana. Mpishi wa kambi hawezi kumwambia mgeni kwamba mayai yatakuja kesho.

Tatizo la pili ni ada. Kwa miaka mingi wageni wamelalamika kwamba katika njia hiyo hulipa kwenye kizuizi zaidi ya kimoja, bila kuelewa kila malipo ni ya nini. Mgeni hachukii kulipa, anachukia kulipa gizani. Stakabadhi moja inayoonyesha sehemu ya kijiji na sehemu ya halmashauri ingemaliza manung'uniko. Na kwa upande wa wananchi, mapato ya maporomoko yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwananchi akijua kwamba ada imenunua madawati au dawa za zahanati, atakuwa mlinzi wa kwanza wa mgeni.

Tatizo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni maji yenyewe. Mto unaompendeza mgeni ndio unaonywesha ng'ombe na watu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji awe na kibali. Kijiji nacho kina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Akija mwekezaji anayetaka bwawa la kuogelea, swali la kwanza liwe ng'ombe watakunywa nini mwezi wa Oktoba.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Sisemi mfugaji auze ng'ombe ili ajenge kambi. Mwaka 2007 matetemeko yaliyoanza Julai yalisikika hadi Nairobi, na kuanzia Septemba Lengai ulirusha majivu hadi mwaka uliofuata. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wageni walioingia Tanzania walishuka hadi karibu 620,000 kutoka zaidi ya 1,500,000 mwaka uliotangulia. Mwenye biashara ya wageni peke yake aliumia, mwenye mifugo na shamba pembeni alipumua. Utalii uwe mboga, ugali ubaki kuwa kilimo na ufugaji.

Waongozaji nao wapewe mafunzo ya usalama, ikiwa ni pamoja na kutoingia korongoni mvua inaponyesha juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwani maji hushuka ghafla. Ajali moja inatosha kufunga biashara ya kijiji kizima.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa Ngare Sero amekwisha kuja. Kazi iliyobaki ni ya mwenyeji: vikundi vya wakulima vikubaliane na kambi kabla ya msimu wa wageni wa Juni, na wanakijiji waulize katika mkutano ujao maporomoko yao yaliingiza shilingi ngapi.