Bunduki Si Mlinzi wa Nyumba

Ipo rai inayozidi kupata wafuasi, na sisi wa Masuguru twaisikia katika mabaraza yetu kama inavyosikika kwingineko katika Handeni na Korogwe. Rai hiyo yasema kwamba mtu mwenye mali na watoto hana budi awe na bunduki yake mwenyewe, kwa kuwa mwizi hangoji polisi wafike. Wenye rai hiyo huitegemeza kwa methali: fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo ni ya kweli; hoja iliyojengwa juu yake ndiyo mbovu, nasi twaipinga.

Hatuwadharau wenye rai hiyo. Vijiji vingi viko mbali na kituo cha polisi, na mtu aliyevunjiwa mlango usiku hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ndoto. Wala bunduki si kitu kigeni kwetu. Gobore limelinda mahindi yasiliwe na nguruwe na nyani tangu zama za babu zetu. Lakini wazee wetu walituachia neno jingine: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Silaha ya shamba ni jambo moja, na silaha ya kumwelekezea mtu ni jambo jingine.

Historia ya nchi yetu yathibitisha hayo. Katika karne ya 19, bunduki na baruti zilipanda kutoka Pwani kwa njia za misafara. Wazigua walizipata mapema kuliko majirani zao wa milimani. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambaa, alipofariki mnamo mwaka 1862, wanawe na wajukuu wake waligombea utawala, na Semboja, aliyekaa Mazinde penye njia ya misafara, akawa na nguvu kwa sababu ya silaha. Je, silaha hizo zilinunuliwa kwa nini? Kwa pembe za ndovu na kwa watu. Aliyetaka baruti ya kujilinda na jirani alimkamata mtoto wa jirani akamwuza, na jirani naye akatafuta baruti kwa njia ile ile. Hivyo ndivyo ulinzi wa kila mmoja ulivyogeuka kuwa hatari ya wote.

Mashahidi wengine wangali hai. Katika njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani Somalia, na vizazi vyao vikakaa kando ya Mto Juba vikilima na kusema Kizigua. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, silaha zilienea mikononi mwa watu. Kama bunduki nyingi zingeleta usalama, basi Somalia ingekuwa salama kuliko nchi zote. Wakulima wa Juba waliporwa na kuuawa, na baadhi yao wakakimbilia Tanga, nchi ya mababu zao. Wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia. Mpinzani wetu atasema kwamba waliporwa kwa sababu hawakuwa na bunduki. Tunamjibu: koo zilizokuwa na bunduki nazo zilikimbia kwa malaki, zikajaza makambi ya Dadaab nchini Kenya. Kilichokosekana ni sheria, na bunduki ya mtu mmoja mmoja haikuweza kushika nafasi yake.

Tena adui si wa nje tu. Marekani, ambako bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walijiua. Bunduki iliyowekwa chini ya mto kumngoja mwizi humkuta kwanza mwenye nyumba katika siku yake ya majonzi, au mke katika siku ya ugomvi, au mtoto katika mchezo.

Basi fimbo ya karibu ni ipi? Ni jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, wanavijiji waliunda sungusungu, wakatoka kwa pinde, mishale na filimbi. Wapo miongoni mwao waliotesa na hata kuua, na ndiyo maana nao ilibidi wawekwe chini ya sheria. Lakini nguvu yao haikuwa mishale. Ilikuwa katika desturi kwamba yowe la mmoja huwaamsha wote.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yamtaka mtu apate leseni kabla ya kumiliki silaha, na hiyo ni haki. Wananchi nao wanastahili kudai kituo cha polisi kilicho karibu na ulinzi wa zamu uliopangwa vizuri. Hayo yana gharama, na yana uchovu wa kukesha. Bunduki huonekana rahisi kwa sababu humwahidi mtu kwamba hatamhitaji mwenziwe. Ahadi hiyo ndiyo tunayoikataa. Anayelala na bunduki kwa kumhofia jirani amekwisha kumpoteza mtu wa kwanza ambaye angelisikia yowe lake.