Unapopiga magoti, unatafuta nini?

Mitihani ya kitaifa inapokaribia, shule nyingi humu nchini hutenga siku ya maombi. Wazazi huvaa nguo za Jumapili na kudamka kuwahi matatu ya kwanza. Mhubiri hualikwa, watahiniwa wakainamisha vichwa, na kalamu zikainuliwa juu zibarikiwe. Kina mama wengine hububujikwa na machozi.

Ni jambo jema mzazi kumkumbuka mwanawe mbele ya Mola. Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu hatuliulizi. Yule mtahiniwa anaomba nini hasa? Je, anaomba utulivu wa kukumbuka aliyoyasoma, au anaomba kuyajua ambayo hakuyasoma kamwe?

Tofauti hiyo si ndogo. Anayeomba utulivu anazungumza na Mungu kama mtoto na babaye. Anayeomba majibu ya bure amemgeuza Mungu kuwa mwenye duka, na maombi yake kuwa sarafu ya kununulia bidhaa.

Mijini, biashara ya aina hii imeshamiri. Fungua redio usiku na huenda ukasikia ukihimizwa "kupanda mbegu" kwa simu yako ili upate kazi, mchumba au safari ya ng'ambo. Mpangaji ambaye mshahara wake umechelewa anatuma shilingi mia tano alizokuwa ameziweka za unga. Muujiza usipotokea, anaambiwa imani yake ni haba. Maskini! Fedha zimekwenda, unga hakuna, na sasa amebebeshwa lawama pia.

Mkristo anayetaka kujua maana ya maombi hana haja ya kwenda mbali. Injili ya Luka, sura ya 11, inasimulia jinsi mwanafunzi mmoja alivyomsihi Yesu awafundishe kusali, kama Yohana alivyowafundisha wanafunzi wake. Sala waliyopewa ni fupi mno. Watoto wetu huikariri kabla hata ya kujua kusoma. Lakini hebu itazame vizuri. Neno "mimi" halimo. Yote ni "sisi" na "yetu". Chakula kinachoombwa ni cha siku, wala si cha kujaza ghala. Na msamaha umefungwa pamoja na kuwasamehe wengine. Kwa hivyo yule asiyesemezana na jirani yake wa ploti tangu walipogombania foleni ya maji, hujikwaa katikati ya sala hiyo kila asubuhi.

Isitoshe, Biblia haifichi kwamba maombi mengine hujibiwa kwa "la". Yesu mwenyewe, usiku ule katika bustani ya Gethsemane, aliomba kikombe cha mateso kimwondokee. Hakikuondoka. Mtume Paulo naye anawaandikia Wakorintho kwamba alimsihi Bwana mara tatu amtolee mwiba uliomsumbua mwilini. Mwiba ulibaki, ila alipewa neema ya kuustahimili. Je, hawa nao tuwaambie imani yao ilikuwa haba?

Tena maombi hayakuwekwa yachukue nafasi ya akili na mikono. Nehemia alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, maadui walipanga kumshambulia. Yeye na wenzake walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana. Walifanya yote mawili. Vivyo hivyo, mgonjwa wa kisukari anayeombewa na kuendelea kumeza dawa zake hamkosei Mungu. Mtu akikuambia utupe dawa ili uonyeshe imani, mkimbie, hata kama ameshika Biblia mkononi.

Taifa hili lilikwisha kuona kwa uchungu mambo yanapofikia wapi maombi yakitengwa na akili. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Walikuwa wameaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Kufunga kwa kweli humfundisha aliyeshiba kumkumbuka mwenye njaa. Kumnyima mtoto chakula mpaka akate roho ni mauaji, hata yakiitwa ibada.

Upo pia mfano wa kututia moyo. Katika miaka ya 1930, uamsho ulianza huko Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, na mwaka wa 1937 ukafika Kenya. Wazee wengi wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza. Watu hao walikutana kuomba na kuungama dhambi zao hadharani, kisha wakaenda kurudisha walichoiba na kupatana na waliowakosea. Wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, na wapo waliokataa vilevile kuishika bunduki ya serikali. Baadhi yao walilipa kwa maisha yao. Maombi yao yalionekana katika matendo kabla ya kuonekana katika mali.

Basi, msomaji, tufanye nini katika nyumba zetu? Maisha ya mjini ni ya mbio. Baba anatoka kabla ya jogoo kuwika, mama anarudi giza limeingia. Lakini dakika tano za pamoja kabla ya kulala hazishindi familia yoyote. Mwache kila mmoja, hata kitinda mimba, ataje jambo moja la kushukuru na mtu mmoja wa kuombewa asiye wa nyumba hiyo. Kama mmemwombea jirani aliyefutwa kazi, kesho mpelekeeni kibaba cha unga. Na mzazi aliyemkaripia mtoto bure amwombe radhi kabla ya kusema "Amina".

Nawe mwanafunzi, omba kabla ya kufungua kitabu, kisha ukifungue kweli. Ukiingia katika chumba cha mtihani, omba upate moyo mtulivu, na umwombee pia mwenzako wa dawati la pili. Karatasi iliyoibwa ikikufikia, omba nguvu za kuikataa. Hayo ndiyo maombi ambayo matokeo yake hayasubiri kutangazwa na waziri.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kupiga magoti pia ni kuinama. Anayeinama mbele ya Mungu kila siku, akisimama na kuwa yule yule mchoyo, mwongo au mgomvi, na ajiulize: alikuwa akizungumza na nani?